Nahodha Aliyenyimwa Chombo

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Je, nahodha aliye na cheti mfukoni lakini hana chombo tumwiteje? Swali hili si la mzaha. Lina jibu katika kisa cha Hugh Mulzac na meli ya mizigo iliyoitwa Booker T. Washington.

Tuanze na neno lenyewe. 'Nahodha' tulilipata kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Mjuzi wa bahari si lazima awe nahodha. Nahodha ni yule ambaye kauli yake chomboni ndiyo ya mwisho. Hapo ndipo palipokuwa na kikwazo.

Vita vya Pili vya Dunia viliposhika kasi, nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli za mizigo za Waingereza upesi kuliko zilivyoweza kuundwa nyingine. Marekani ikauchukua mchoro wa Kiingereza, ikaurahisisha, na kuanza kuunda meli za aina moja zilizoitwa Liberty, yaani uhuru. Ya kwanza, Patrick Henry, ilishuliwa Baltimore tarehe 27 Septemba 1941.

Hazikuwa meli za kutamanisha. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 134 hivi, ilibeba takriban tani 10,000, na injini yake ya mvuke, ya muundo wa kizamani, iliisukuma kilomita 20 tu kwa saa. Sifa yao ilikuwa wepesi wa kuundwa. Sehemu nzima nzima zilitengenezwa kando, zikainuliwa kwa kreni na kuchomelewa pamoja, badala ya kupigiliwa misumari minene ya chuma kama ilivyokuwa desturi. Novemba 1942, Robert E. Peary ilishuliwa California siku 4 na saa 15 tu baada ya mkuku wake kulazwa. Hiyo ilikuwa ya kujionyesha. Nyingine zilichukua wiki kadhaa. Hata hivyo, kufikia 1945 zilikuwa zimeundwa 2,710!

Meli hizo zilipewa majina ya watu mashuhuri waliokwisha kufariki. Tarehe 29 Septemba 1942, mjini Los Angeles, ikashuliwa ya kwanza kupewa jina la Mmarekani mweusi: Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa na kuja kuwa mwalimu mkuu wa kwanza wa chuo cha Tuskegee. Aliyeivunjia chupa ni mwimbaji Marian Anderson. Ni yuyo huyo ambaye mwaka 1939 alinyimwa ukumbi wa Constitution Hall jijini Washington kwa sababu ya rangi yake. Na katika yadi hizo hizo za California, chama cha mafundi wa meli kiliwatenga wafanyakazi weusi katika matawi yasiyo na sauti. Jina la uhuru lilikuwa limeandikwa kwenye chuma. Uhuru wenyewe ulikuwa bado njiani.

Sasa tumrudie Mulzac. Alizaliwa 1886 katika kisiwa cha Union, huko Karibi, na alikuwa na cheti cha unahodha kwa zaidi ya miaka 20. Alipata kuhudumu katika Yarmouth, meli ya Black Star Line, kampuni ya Marcus Garvey. Kampuni hiyo ilipoporomoka, Mulzac akaambulia kazi za jikoni na za kuandaa meza melini. Cheti alikuwa nacho, lakini hakuna aliyemkabidhi usukani.

Vita vilipolazimisha, akaitwa, akiwa na miaka 56. Wakubwa walitaka achukue mabaharia weusi watupu. Akakataa katakata: ama mabaharia wa rangi zote, ama meli watafute nahodha mwingine. Wakasalimu amri. Chini yake weusi na weupe walilala, wakala na kufanya kazi pamoja. Meli hiyo ilifunga safari 22 na kusafirisha askari wapatao 18,000.

Mwaka 1947 meli ikatiwa nanga, ikaondolewa kazini. Mulzac hakupewa nyingine. Vita vilikuwa vimekwisha, na haja ya nahodha mweusi ikaisha navyo, eti! Alifariki 1971.

Wanaisimu tunapenda kusema kwamba neno hubeba maana. Kisa hiki kinatukumbusha kwamba linaweza pia kubebeshwa maana lisiyotimiziwa. Kuipa meli jina la mtu mweusi kulikuwa rahisi kuliko kumpa mtu mweusi meli. Nasi huku nyumbani ni wepesi wa kuzipa barabara na shule majina ya mashujaa, na kugawa vyeo kama njugu. Kabla hatujapiga makofi, tuulize: huyu tuliyemwita nahodha, chombo amekabidhiwa?