Mbuyu Mchanga Uko Wapi?

Wageni wengi wanaofika Kimali huuliza: mbona mibuyu yote ni mikongwe? Michanga ipo, ila haifanani na wazazi wake. Jani la mche wa mbuyu ni zima, halina vidole. Yale yenye vidole vitano hadi saba huja mti ukishakua. Basi watu hupita, mbuzi hutafuna, na hakuna anayejua kuwa ule ulikuwa mbuyu.

Sogea, gusa shina la mbuyu huu. Chini ya ngozi hii ya kijivu kuna utando wa kijani. Kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, utando huo huendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Gome likichunwa ili kusokota kamba, huota tena. Miti mingi ingekufa kwa jeraha kama hilo.

Ua lake jeupe huning'inia kichwa chini, hufunguka jioni na kunyauka kesho yake. Harufu yake si ya kujipaka, lakini popo huifuata gizani, wakabeba chavua. Ubuyu tunaomung'unya ni matunda ya safari hizo za usiku.

Umri? Unene unadanganya: mbuyu mmoja mnene aghalabu ni mashina kadhaa yaliyoungana. Wataalamu hupima kaboni iliyomo katika mbao. Mbuyu wa Panke, Zimbabwe, ambao sasa umekufa, ulikadiriwa kufikia miaka 2,450 hivi.

Ukiona hapa chini mche wenye majani yasiyo na vidole, tafadhali usiung'oe.