Nota Zinapofumba: Mzaha Usiotamkwa

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Methali hii tumezoea kuipima kwa maneno. Leo ningependa tuipime kwa maandishi ya aina nyingine, yaani nota za muziki.

Katika Kijerumani nota huitwa kwa herufi, na miongoni mwa herufi hizo imo H. Kwa sababu hiyo, Johann Sebastian Bach aliweza kuliandika jina la ukoo wake kwa nota nne, B-A-C-H, akaliingiza katika *Die Kunst der Fuge*, kazi iliyochapishwa mwaka 1751, baada ya kifo chake. Robert Schumann alifuata nyayo hizo: kazi yake ya kwanza kuchapishwa, ya mwaka 1831, imejengwa juu ya jina Abegg. Msikilizaji husikia sauti tu. Ajuaye kusoma nota huliona jina.

Fumbo la namna hii lilikuja kuingia katika katuni. Tangu mwaka 1951, Mmarekani Charles Schulz alimchora mtoto Schroeder, mpenzi wa Beethoven, akipiga piano ya kuchezea huku nota zikielea juu yake. Katika katuni moja ya mwaka 1953, isiyo na mazungumzo, Schroeder anafanya mazoezi makali ya viungo, mithili ya bondia, kisha anakwenda kupiga piano. Msomaji hucheka, akadhani kichekesho kimekwisha. Kumbe nota zilizochorwa ni za *Hammerklavier*, sonata ambayo Beethoven aliikamilisha mwaka 1818. Huchukua dakika zipatazo 40, na ni miongoni mwa kazi ngumu mno za piano. Mtoto yule hakuzidisha mazoezi. Alijua anachokwenda kukabiliana nacho.

Kwa miaka mingi wengi wetu, nami nikiwamo, tulizichukulia nota hizo kuwa pambo. William Meredith, mtaalamu wa Beethoven, alizichunguza akabaini kuwa ni muziki halisi wenye kubeba maana, na mwaka 2008 yakafanyika maonyesho juu ya jambo hilo katika makumbusho ya Schulz, Santa Rosa, California.

Sisi tunaohariri miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu tunalo la kujifunza hapa. Kabla ya kuiita alama yoyote ya pembezoni "pambo tu" na kuiacha nje ya chapa, tujiulize: je, alama hii haina maana, au ni sisi tusiojua kuisoma?