Tukuyu Ilijua Kuagiza Kabla ya Programu

Historia ya kuletewa chakula mlangoni kwa kuagiza mtandaoni huwa inaanzia Marekani. Mwaka 1994 Pizza Hut ilianza kupokea oda kwa intaneti kule Santa Cruz, California, mwaka ule ule ITV ilipoanza kurusha matangazo huku kwetu. Mimi nataka niianzie Tukuyu, ambako mtu akitamani chipsi kuku saa mbili usiku, na mvua inanyesha kama kawaida yake, hafungui programu yoyote. Anampigia boda wake.

Turudi nyuma kidogo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alieleza katika kitabu chake Good Company (1951) jinsi vijana wa kiume walivyotoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao cha rika. Kulala walilala kwao, lakini chakula walifuata kwa mama zao, tena kwa makundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Yaani chakula hakikusafiri, walaji ndio waliosafiri. Sijui kama kuna mgahawa wowote duniani uliowahi kupokea wateja wa namna hiyo, wasiolipa na wasiokatalika.

Serikali ya kikoloni nayo haikuleta kitu mlangoni. Wajerumani waliuita mji huu Neu-Langenburg, wakaondoka, Waingereza wakaja, na kilichobaki hadi leo ni S.L.P. Sanduku la posta halina mlango wa kupiga hodi. Mzigo wako ukifika, wewe ndiye unayepanda na kushuka milima kwenda kuufuata.

Kilichobadilisha mambo kwanza ni barabara ya Uyole kwenda Kyela, na konda wa Kosta. Ndugu yako aliyeko Mwanjelwa ananunua kitu, anaandika jina na namba ya simu juu ya boksi, anamkabidhi konda na kumpa chochote. Kisha anakupigia: "Nimeshatuma, gari ya bluu, kaa barabarani." Unasubiri Kiwira au Tukuyu mjini, unachungulia kila gari ya bluu. Hakuna risiti wala bima, na bado mizigo ilifika kiasi kwamba watu hawakuacha kutuma. Huo ndio mtaji wenyewe, kuaminiana na mtu usiyemjua jina, ila unajua kesho atapita tena hapa hapa.

Halafu vikaja vitu viwili karibu kwa pamoja. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa biashara. Pesa ikaweza kutangulia, mzigo ukafuata. Mama ntilie anapigiwa simu, anafunga ndizi na nyama kwenye hotpoti, boda anapita kuchukua. Duka la dawa hivyo hivyo, duka la spea hivyo hivyo. WhatsApp ilipoenea, muuza keki akaweka picha kwenye status na oda zikaanza kuingia. Soko la mtandaoni ni nini kingine, jamani?

Tena boda wa Tukuyu hufanya jambo ambalo programu hazifanyi: anakulipia kwanza. "Dogo, nichukulie unga kilo tano na mafuta, nitakupa ukifika." Anatoa mfukoni mwake. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, na kila aliyetuma hela akalalamika, mkopo huo wa nusu saa ulikuwa na faida zaidi.

Na anwani? Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nchi nzima iliwekewa anwani za makazi, vibao vya barabara na namba za nyumba. Kazi nzuri sana. Lakini boda bado anauliza, "Ni karibu na nani?" Unamwambia ashuke mpaka kwenye mparachichi mkubwa, akate kushoto, aulizie kwa mwalimu.

Wakati huo Dar es Salaam programu zilikuwa zinakuja na kuondoka. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na mwishoni mwa 2023 ikafunga huduma yake ya chakula hata Kenya na Uganda. Uber ilisimama Aprili 2022 baada ya LATRA kuweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 15, ikarudi mwaka uliofuata kikomo kilipopandishwa. Ugomvi ulikuwa huo tu, nani anakula kiasi gani. Kwenye chakula, kamisheni ya programu duniani inaweza kufika asilimia 30. Tuseme sahani ni shilingi 5,000: mama ntilie anaachia 1,500 kabla hajanunua mkaa. Tukuyu ile 1,500 anabaki nayo, na nauli inamalizikia kwa boda.

Lakini tusiisifu Tukuyu kupita kiasi. Soko lote lile liko ndani ya simu moja yenye kioo kilichopasuka. Humo mna namba za wateja, madeni, na kumbukumbu ya nani hali pilipili. Dereva akiteleza kwenye utelezi wa Rungwe, hakuna kampuni ya kumuuguza. Akihamia Tunduma, daftari lote limehama naye, na mama ntilie anaanza upya kutafuta kijana wa kumwamini.

Bei nayo haiko wazi. Safari ya buku inakuwa buku mbili mvua ikianza. Programu za Dar nazo hupandisha nauli wateja wakizidi, ila kule ni kompyuta inayoamua kimya kimya. Hapa kijana anafuta maji usoni, anacheka, anasema, "Mama, si unaiona mwenyewe hii mvua?" Na Tukuyu, mvua inaonekana sehemu kubwa ya mwaka.