Historia ya Kuchora Matofali ya LEGO kwa Kompyuta

Tofali la LEGO lina vipimo visivyobadilika. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu cha jirani ni milimita 8. Kimo cha tofali, bila kuhesabu vinundu, ni milimita 9.6, na kimo cha kipande bapa ni theluthi yake, milimita 3.2. Mfumo wa vinundu vya juu na mirija ya ndani uliombewa hataza nchini Denmark tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo bado linashikana na lililotoka kiwandani juzi. Kitu chenye nidhamu kama hiyo ni rahisi kukieleza kwa tarakimu. Kazi ngumu, iliyochukua takribani miaka ishirini, ilikuwa kukifanya kionekane kwenye skrini kama plastiki halisi iliyowekwa mezani na kupigwa picha.

Kazi hiyo ilianzia Australia. Mwaka 1995 James Jessiman alitunga programu iitwayo LDraw kwa ajili ya kompyuta za DOS, pamoja na nyingine ya kuhariri modeli, LEdit. Hakuwa mwajiriwa wa kampuni ya LEGO. Alikuwa mpenzi wa matofali aliyejua kuandika programu, na alizigawa bure. Uamuzi wake muhimu kuliko yote ulikuwa wa vipimo. Alichagua kipimo kidogo kilicho sawa na milimita 0.4, na kwa hesabu hiyo upana wa tofali la kinundu kimoja ukawa 20, kimo chake 24, na kimo cha bapa 8. Namba zote zikawa kamili, bila desimali, na mtu aliweza kujenga nyumba nzima akihesabu kichwani.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuhifadhi modeli kama maandishi ya kawaida. Katika faili la LDraw, tofali jekundu la vinundu viwili kwa vinne huandikwa kwa mstari mmoja tu: 1 4 0 0 0 1 0 0 0 1 0 0 0 1 3001.dat. Tarakimu ya kwanza inasema kwamba mstari huu unaita kipande kutoka kwenye maktaba. Ya pili ni rangi, na 4 ni nyekundu. Tatu zinazofuata zinataja mahali kipande kilipo, na tisa baada yake zinaeleza kimegeukia wapi. Mwisho ni jina la faili la kipande chenyewe. Mhimili wa wima unahesabiwa kwenda chini, kwa hiyo tofali la pili likipandishwa juu ya la kwanza hupewa −24. Yeyote mwenye programu ya kuandikia maandishi angeweza kufungua faili hilo, kulisoma na kulirekebisha, na yeyote mwenye ujuzi angeweza kutunga programu nyingine ya kulitumia. Karibu kila kitu kilichofuata katika historia hii kilisimama juu ya uwazi huo.

Jessiman alifariki Julai 1997, akiwa bado kijana, kwa madhara ya homa ya mafua. Wapenzi wa programu yake katika nchi mbalimbali waliamua kuiendeleza. Walianzisha maktaba ya pamoja ambamo kila kipande kipya hupimwa kwa kifaa cha kupimia, huandikwa pembetatu kwa pembetatu, kisha hukaguliwa na wajitoleaji wengine kabla ya kupokelewa. Leo maktaba hiyo ina zaidi ya faili 10,000, nazo zimeandikwa na watu wasiolipwa. Tuzo ya ukumbusho yenye jina la Jessiman hutolewa kwa waliochangia zaidi. Michael Lachmann alitunga MLCad kwa ajili ya Windows, na ujenzi wa kuandika tarakimu ukageuka kuwa ujenzi wa kuburuta vipande kwa kipanya.

Picha zilizotoka kwenye LDraw yenyewe, hata hivyo, zilikuwa za kiufundi. Kila uso ulijazwa rangi moja, na kila ukingo ulichorwa kwa mstari mweusi, kama michoro iliyo kwenye vijitabu vya maelekezo. Kwa kufundisha namna ya kujenga, picha hizo zilitosha. Aliyetaka kuona modeli yake ikitupa kivuli mezani alihitaji mbinu nyingine, nayo ilikuwepo tayari: kufuatilia miale. Mwaka 1980 Turner Whitted alikuwa ameonyesha namna ya kuhesabu picha kwa kutuma mwale kutoka kwenye jicho la mtazamaji kupitia kila nukta ya skrini, kuufuata ukigonga kitu, na kuugawanya panapokuwa na mng'ao au kioo. Mwaka 1986 James Kajiya aliandika mlinganyo mmoja unaoeleza mwanga wote unaoondoka kwenye kila uso, ukiwemo ule uliokwisha kudunda kwenye nyuso nyingine. Kompyuta za nyumbani za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kuutatua mlinganyo huo kikamilifu, lakini mbinu ya Whitted ziliiweza, kwa kuachwa zikihesabu usiku kucha.

Programu iliyoifikisha mbinu hiyo kwa watu wa kawaida ni POV-Ray. Ilitokana na DKBTrace ya David Buck, na toleo lake la kwanza lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kazi ya kundi la wajitoleaji waliokutana kupitia mtandao wa CompuServe. Nayo ilipokea mandhari yaliyoandikwa kwa maandishi: hapa tufe, pale mcheduara, taa imewekwa huku. Lugha mbili za maandishi, zote za bure, zilihitaji mkalimani tu. Lars C. Hassing wa Denmark alimtengeneza na kumwita L3P. Programu hiyo husoma faili la LDraw na kuandika faili la POV-Ray, lakini haitafsiri kibubusa. Katika maktaba ya LDraw kinundu si mviringo kamili, ni umbo la pande 16, kwa kuwa kompyuta za 1995 zisingestahimili zaidi. L3P ilikitambua kinundu hicho na kukibadilisha kwa mcheduara wa kihisabati usio na pembe hata ukikuzwa namna gani. Katika daraja la juu la ubora iliongeza hata jina LEGO lililoinuka juu ya kila kinundu.

Mara tu picha hizo zilipoanza kutoka, ilionekana kasoro ambayo wengi hawakuitarajia. Ukuta wa matofali meupe ulitoka kama bamba moja la plasta. Sababu ni kwamba katika LDraw matofali mawili yaliyo jirani yanagusana barabara, uso kwa uso, na mistari myeusi ya kingo ikishaondolewa hakuna kinachoonyesha mpaka. Tofali halisi haliko hivyo. La vinundu viwili kwa vinne halina milimita 16 kwa 32 kamili; lina 15.8 kwa 31.8, kwa sababu kiwanda huacha upenyo mdogo ili vipande viingiane na kutoka bila kukwama. L3P iliingiza upenyo huo kwa kupunguza kila kipande kidogo, kwa kawaida nusu ya kipimo cha Jessiman, ambayo ni ile ile milimita 0.2. Kwa badiliko dogo kiasi hicho ukuta ulirudi kuwa wa matofali, kwa sababu kivuli chembamba kiliingia kati ya kipande na kipande.

Upenyo peke yake haukutosha. Ukingo wa tofali, hata ukionekana mkali, umeviringwa kidogo sana, na pale ulipoviringwa daima hupatikana sehemu inayoelekea taa. Hapo hutokea uzi mwembamba wa mwanga, ambao jicho huutumia bila kujua kukadiria ukubwa wa kitu. Modeli yenye kingo za kisu huonekana kama jengo kubwa la zege, na yenye uzi huo huonekana kama kitu cha kushika mkononi. Lutz Uhlmann alishughulikia jambo hilo katika maktaba ya LGEO, ambamo vipande viliandikwa upya moja kwa moja kwa lugha ya POV-Ray, vikiwa na kingo zilizoviringwa. Vipande vyake vilikuwa vichache kuliko vya LDraw, na modeli nyingi za miaka hiyo ni mchanganyiko wa maktaba zote mbili.

Plastiki yenyewe nayo ilikuwa na masharti yake. Tangu 1963 matofali mengi hutengenezwa kwa ABS, plastiki ngumu yenye mng'ao. Akiitazama moja kwa moja kutoka juu, mtu huona ikirudisha mwanga kidogo tu, asilimia 4 hivi, na iliyobaki ni rangi yake. Akiitazama kwa pembe ya kuambaa na uso wake, hugeuka karibu kuwa kioo. Tena mng'ao huo hauna rangi ya tofali: dirisha linaloakisiwa kwenye tofali jekundu hubaki jeupe. Wanaoanza hukosea hapa mara nyingi. Wakiupaka mng'ao rangi nyekundu, tofali hugeuka kuwa chuma kilichopakwa rangi. Katika matofali meupe na ya manjano mwanga pia hupenya kidogo ndani na kutoka kando, na bila kuliiga hilo plastiki huonekana kavu kama chaki.

Kampuni yenyewe iliingia uwanjani kwa programu yake ya LEGO Digital Designer, iliyopata watumiaji wengi kwa sababu vipande vyake vilijinasa mahali panapofaa. Picha zake za skrini zilikuwa za kawaida tu, na wapenzi wakatunga tena wakalimani wa kupeleka modeli hizo kwenye POV-Ray na kwingineko.

Kipimo cha uhalisi kilibadilika Februari 2014, filamu ya The LEGO Movie ilipotoka. Iliongozwa na Phil Lord na Christopher Miller, na picha zake zilitengenezwa na studio ya Animal Logic ya Sydney. Takriban kila kitu kinachoonekana ndani yake, pamoja na maji, moshi na milipuko, kimejengwa kwa vipande, na vipande havikuruhusiwa kupinda pasipopinda plastiki. Watazamaji wengi walidhani matofali halisi yalisogezwa kwa mkono, picha baada ya picha. Walidanganyika kwa sababu ya uchafu. Mafundi wa Sydney waliziangalia kwa karibu nyuso za matofali yaliyochezewa, wakaiga alama za vidole, mikwaruzo, vumbi kwenye pembe na mshono unaoachwa na kalibu. Benny, mwanaanga wa rangi ya buluu, ana kofia iliyovunjika penye kidevu, mahali pale pale ambapo kofia za wanaanga wa zamani zilikuwa zikivunjika mikononi mwa watoto. Studio ilitunga pia injini yake ya kufuatilia miale, Glimpse, iliyofanya kazi sambamba na injini nyingine, RenderMan, katika filamu hiyo, na miaka mitatu baadaye ikabeba yenyewe picha za The Lego Batman Movie.

Wapenzi wa nyumbani walilielewa somo hilo mara moja, na safari hii walikuwa na zana. Programu ya michoro ya Blender, iliyofanywa huria mwaka 2002 baada ya umma kuchanga euro 100,000, ilipata injini ya Cycles mwishoni mwa 2011. Injini hiyo hutatua mlinganyo wa Kajiya kwa kubahatisha: hutuma miale mingi kwa kila nukta, kila mmoja ukidunda upande usiotabirika, kisha hupata wastani. Mtumiaji hahitaji tena kupanga taa za uongo ili kuonyesha kwamba sakafu nyekundu inaumwagia ukuta mweupe wekundu kidogo, kwa sababu hilo hutokea lenyewe. Programu ya Mecabricks, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ilileta vipande vyenye kingo zilizoviringwa na njia ya kuvipeleka Blender vikiwa na mikwaruzo na alama za vidole. Nayo programu iitwayo Studio, ya kampuni ya BrickLink, ilifunga kila kitu mahali pamoja. Hutumia vipande vya LDraw, na injini yake ya picha, Eyesight, imejengwa juu ya Cycles. LEGO iliinunua BrickLink mwaka 2019, na LEGO Digital Designer ilipostaafishwa mwanzoni mwa 2022, Studio ndiyo iliyopewa nafasi yake. Kwa njia hiyo kazi ya Jessiman iliingia katika programu rasmi ya kampuni.

Kubahatisha miale kuna gharama yake. Miale ikiwa michache, picha hutoka na chengachenga, na kuziondoa kwa miale zaidi huchukua saa nyingi. Nafuu ilikuja kwa njia mbili zilizofuatana. Mwaka 2018 NVIDIA ilianza kuuza kadi za michoro zenye sehemu maalumu ya kufuatilia miale, na mwaka 2019 Blender ilipokea kichujio cha Intel kinachotumia akili mnemba kukisia picha safi kutoka kwenye ile yenye chengachenga. Kichujio hicho hufuta hata mikwaruzo midogo na maandishi ya vinundu kikitumiwa mapema mno, na mafundi waangalifu huongeza miale kwanza, kisha huchuja.

Picha hizi sasa zina kazi ya kibiashara. Katika LEGO Ideas, jukwaa la kampuni la kupokea mapendekezo ya modeli, ambako pendekezo huhitaji wafuasi 10,000 ili lifikiriwe, wabunifu huruhusiwa kuleta modeli isiyowahi kujengwa kwa mikono. Hapo ndipo uhalisi wa picha unapoweza kupotosha. Kwenye kompyuta mnara haulemewi na uzito wake, na kipande kinaweza kupewa rangi ambayo kiwanda hakijawahi kukitengenezea. Studio imewekewa ukaguzi wa uthabiti na onyo la vipande visivyopatikana katika rangi iliyochaguliwa, lakini ukaguzi huo haupimi jinsi kidole cha mjenzi kitakavyobana kipande mahali pembamba, na wabunifu makini bado huagiza matofali na kuijenga modeli yote kabla ya kuuza maelekezo yake.