Cheche inayowahi: historia fupi ya injini ya pikipiki

Kwa nini plagi hutoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa? Kwa sababu mafuta hayaungui yote papo hapo. Tuseme yanahitaji milisekunde 2. Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, krenki inageuka nyuzi 7 hivi katika muda huo. Ikizunguka mara 3,000, nyuzi 36. Yaani kasi ikipanda, cheche nayo iwahi zaidi.

Pikipiki ya Daimler ya 1885, kule Ujerumani, haikuwa na cheche. Iliwasha kwa kibomba cha moto, na ikaishia mizunguko kama 600. Miaka ya 1890, De Dion-Bouton wa Ufaransa walitumia betri na koili. Injini yao ndogo ikapita 1,500.

Baadaye wapanda pikipiki wakapewa wenzo kwenye usukani: unachelewesha cheche ukipiga kiki, unaiwahisha ukishika kasi. Ukisahau kuichelewesha, kiki inarudi kwa nguvu na inaweza kukuvunja mguu. Ukisahau kuiwahisha, injini inachemka na nguvu zinapotea.

Vikaja vyuma vidogo vinavyotanuka kadiri injini inavyozunguka, vikiwahisha cheche vyenyewe. Leo kwenye bodaboda nyingi kazi hiyo inafanywa na kisanduku cha CDI, na dereva wala hana habari.