Kisomamsimbo na Utambuzi wa Hitilafu

Katika gereji za Kitale na Bungoma, na hata kwa mafundi wa jua kali wa soko dogo kama la Myanga, kuna kifaa kimoja chenye majina mengi. Wengine hukiita mashine, wengine kompyuta, wengine skana. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, mwenye gari huambiwa gari lake "lifanyiwe diagnosis": kifaa kinachomekwa chini ya usukani, kioo kinaonyesha herufi moja na tarakimu nne, kisha sensa inaagizwa. Neno hilo moja la kigeni limebebeshwa mambo mawili yasiyofanana, yaani chombo kinachosoma na kazi ya akili inayofikia hukumu. Naamini Kiswahili kinahitaji istilahi mbili hapa. Chombo na kiitwe kisomamsimbo, na ile kazi iitwe utambuzi wa hitilafu. Anayetaka kujinunulia vifaa vya kutunza gari lake aanze na tofauti hiyo, kwa sababu asiyeijua atanunua chombo akidhani amenunua jibu.

Asili ya neno "diagnosis" ni Kigiriki, na kiini chake ni kujua kwa kupambanua hili na lile. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribia maana hiyo. Uaguzi ni neno la zamani, lakini limefungamana na ramli na tiba za mganga. Upimaji ni finyu: anayepima hupata kiasi, naye bado hajasema kiasi hicho kina maana gani. Uchunguzi ni mpana zaidi, ila unataja safari tu. Utambuzi ndio unaotaja mwisho wa safari, kwani anayetambua ameshapambanua. Hospitalini mpangilio huu umezoeleka: mgonjwa hupimwa joto na damu, daktari huchunguza, ndipo ugonjwa hutambuliwa, na hakuna anayesema kwamba kipimajoto kimetambua malaria. Gari nalo linastahili mpangilio uo huo wa maneno.

Historia ya kifaa chenyewe inaunga mkono hoja hii. Mfumo wa misimbo ulio katika magari ya leo ulitokana na sheria za hewa safi. Jimbo la California lilianza kuwadai watengenezaji wa magari mfumo wa kujikagua mwishoni mwa miaka ya 1980, na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ikalazimisha mfumo mmoja, wenye tundu la pini 16 na misimbo ya pamoja. Ulaya ilifuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli miaka michache baadaye. Lengo la sheria hizo lilikuwa kudhibiti moshi. Ndiyo maana misimbo ya pamoja hufuatilia zaidi uchomaji wa mafuta na usafishaji wa moshi, ilhali bushi iliyolika, beringi inayovuma na breki iliyokwisha hazina msimbo wowote. Kwa gari linaloshinda kwenye barabara za changarawe, sehemu kubwa ya uchakavu haionekani kabisa katika kisomamsimbo.

Tuchukue msimbo mmoja, P0171. Herufi P inaashiria injini na gia, sufuri inayofuata inaonyesha kwamba msimbo ni wa watengenezaji wote, na ujumbe wenyewe ni kwamba injini inapata hewa nyingi kupita kiasi ikilinganishwa na mafuta. Msimbo unaishia hapo. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta habari, na mara nyingi ndiyo inayong'olewa, ingawa imefanya kazi yake sawasawa. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi la kiangazi, ambayo huripoti hewa pungufu na hivyo kuifanya kompyuta ya injini itoe mafuta kidogo. Anayejua kutambua huangalia marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kusawazisha mchanganyiko. Tuseme gari ni Probox na linaonyesha nyongeza ya asilimia 20 likiwa limesimama linanguruma. Injini ikipandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na nyongeza ikashuka karibu na sufuri, shaka huelekea kwenye hewa inayopenya mahali pasipostahili, kwa kuwa hewa hiyo huwa na athari ndogo injini inapovuta hewa nyingi. Nyongeza ikizidi kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shaka huhamia kwenye pampu, chujio la mafuta au sensa ya hewa. Msimbo ni uleule, na njia za matengenezo ni tofauti kabisa.

Kutokana na hayo, uchaguzi wa vifaa unapata mpangilio. Sifa ya kwanza ya kisomamsimbo cha nyumbani ni kuonyesha vipimo vya papo hapo injini ikiwa inafanya kazi, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipoandikwa. Kinachosoma na kufuta misimbo pekee hakitoshi. Viunganishi vidogo vya Bluetooth vinavyotumia simu hutoa vipimo hivyo, tena mara nyingi kwa bei ya chini kuliko sensa moja halisi ya oksijeni, ila vingi sokoni ni nakala za chipu ya ELM327 zisizotekeleza amri zote. Pili, kijaribiwe kwenye gari lenyewe kabla ya kulipiwa. Magari mengi ya Kenya yaliingia yakiwa yametumika Japani, na Japani haikufuata ratiba ya Marekani. Gari la huko la miaka ya mwanzo ya 2000 laweza kuwa na tundu la pini 16 na bado lisizungumze lugha ambayo kiunganishi kinaielewa. Tatu, mita ya umeme inunuliwe pamoja na kisomamsimbo, au hata kabla yake. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6, na injini ikiwaka chaji huwa kati ya volti 13.5 na 14.5. Umeme ukiwa chini ya hapo, sensa zenye afya zaweza kuandikiwa misimbo ya uongo.

Yupo atakayesema kwamba watu wamezoea "diagnosis" na "skana", na kwamba istilahi mpya ni kazi bure. Skana halina neno, maana linataja chombo. Tatizo ni kuliita tendo la kuchomeka chombo kwa jina la hukumu, kisha mteja akalipia hukumu ambayo haijatolewa. Mwingine atasema kwamba mashine kubwa za kitaalamu huweza kuamrisha pampu, feni na vali moja moja, kwa hiyo zinatambua zenyewe. Ni kweli zinafanya mengi, na kwa breki za kisasa au mifuko ya hewa hakuna mbadala wake. Hata hivyo, kuamuru feni izunguke ni jaribio, na jaribio hulihitaji jicho la mtu anayejua kwa nini amelifanya. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwenye gari si fundi, basi awaachie wenye kazi yao. Nakubali kwamba matengenezo mengi ni yao. Lakini mwenye gari anayefika gereji na msimbo, kumbukumbu ya tukio na volti za betri humrahisishia fundi hodari kazi, na fundi wa kubahatisha humlazimisha aeleze kwa nini spea hii na si ile.

Kwa hiyo vyuo vya ufundi, waandishi wa vitabu vya mafundi na wauzaji wa vifaa wana sababu ya kutenganisha maneno haya wanapofundisha na wanapotangaza bidhaa. Kisomamsimbo kina bei na hununuliwa dukani. Utambuzi wa hitilafu hujengwa kwa kuuliza, kupima na kuondoa shaka moja baada ya nyingine, na yeyote anayelipia huduma kwa jina hilo ana haki ya kuelezwa chanzo cha hitilafu, na kilithibitishwa vipi, kabla ya spea yoyote kuagizwa.