Elimu ya Nyumbani: Nani Ampime Mtoto?

Mjadala kuhusu wazazi wanaowasomesha watoto wao nyumbani huendeshwa kana kwamba mgogoro ni wa wawili tu, mzazi na serikali. Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948 linatajwa na pande zote mbili: ibara ya 26 inampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu, na papo hapo inaifanya elimu ya madarasa ya chini kuwa ya lazima. Katiba ya Kenya ya 2010 imenyooka zaidi. Ibara ya 53 inasema haki ya elimu ya msingi ni ya mtoto. Ikiwa ndivyo, swali la nani mwenye mamlaka juu yake ni la pili. La kwanza ni kama anajifunza, na nani atajuaje.

Ujerumani imeamua kwamba hilo litajulikana mtoto akiwa darasani, si nyumbani. Katika shauri la Konrad, 2006, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikuona kosa katika msimamo huo. Shauri la Wunderlich, lililoamuliwa Januari 2019, linafundisha zaidi. Mwaka 2013 watoto wanne waliokuwa wakisomeshwa nyumbani walitolewa kwa wazazi wao kwa wiki tatu hivi. Walipopimwa, ilionekana kiwango chao cha maarifa si cha kutia hofu, wakarudishwa. Mahakama ilisema haki ya familia haikukiukwa, hasa kwa sababu wazazi walikuwa wamekataa watoto wapimwe. Nadhani wazazi wale walikosea, lakini serikali nayo ilitumia nguvu kubwa kupata jibu ambalo amri ya kupima ingetosha kulileta.

Uingereza ilielekea upande wa pili. Sheria ya Elimu ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, shuleni au kwa njia nyingine. Uhuru huo ni mzuri hadi mlango unapofungwa. Mwaka 2023, huko Surrey, binti wa miaka 10 aliuawa na baba yake na mama wa kambo, miezi michache baada ya kuondolewa shuleni. Mwalimu huona mengi yasiyo ya hesabu wala kusoma, na mtihani wa mwisho wa mwaka haumwoni mtoto mwenye majeraha.

Kwa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inadai mtoto ahudhurie shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na waziri. Maneno hayo ya mwisho yanatosha kuanzia: nyumba iandikishwe, mtoto apimwe, na ofisa azungumze naye ana kwa ana. Itasemwa kwamba maofisa hawatoshi hata kwa shule zilizopo. Ni kweli, ila mzazi anayejificha kwa kuogopa kushtakiwa ni mgumu zaidi kufikiwa kuliko aliyejiandikisha.

Daftari la nyumba zilizoandikishwa lingeiambia serikali pia kwa nini watu wanaondoka shuleni. Katika Zanzibar ya enzi za ukoloni, wazazi wengi waliwabakiza watoto chuoni, yaani kwenye shule za Kurani, wakazikwepa shule za serikali. Kilichosaidia kuwavuta ni Kurani kuingizwa kwenye ratiba ya shule hizo.